Mti Waliouita Mkwe

Watu walimwita Mzee Raba, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza jina lake. Alichonga mihuri. Zamani ofisi haikuwa ofisi bila muhuri, na muhuri haukujitokezea tu. Palikuwa na mtu aliyeketi dirishani na kisu chembamba, akikata herufi kinyumenyume kwenye kipande cha raba, akipuliza vumbi, akikata tena. Hakimu, mganga mkuu, mkuu wa shule, wote walipita kwenye kibanda chake na wote walisubiri. Siku hizi mashine inatoa muhuri kabla mteja hajamaliza kupiga chafya, na ofisi zenyewe zinatumiana barua za hewani, zisizoshikika wala kunusika. Kibanda kilibaki, na mwenyewe alibaki ndani yake: mbele meza, nyuma kitanda, katikati pazia aliloshona marehemu mkewe, ambalo halikufuliwa tangu siku alipozikwa.

Alipoishiwa wateja alibakiwa na jambo moja tu la kumfanya avae shati safi, nalo ni mchezo wa visanduku.

Mchezo wenyewe ulichezwa katika bustani ya umma, mtaa wa pili kutoka kibandani, bustani pana yenye miti mizee. Mtu alichukua kopo lenye kifuniko cha kubana, akatia ndani kijitabu na muhuri aliouchonga kwa mkono, akalificha mahali mitini. Kisha aliandika fumbo la kuelekeza na kulibandika kwenye ubao wa matangazo langoni. Mwenye hamu alisoma, akakuna kichwa, akaingia bustanini. Akilipata kopo aligonga muhuri wake kwenye kijitabu cha ndani kuonyesha kwamba alifika, akagonga muhuri wa kopo kwenye daftari lake mwenyewe, akalirudisha kopo lilivyokuwa na kwenda zake kimya. Hapakuwa na zawadi wala makofi. Raha yote ilikuwa kujua, na kujua kwamba aliyeficha atajua kuwa umejua.

Waliouanzisha pale walikuwa watatu: Mzee Raba, mkewe, na kaka wa mkewe, aliyeitwa Tarishi kwa sababu alipeleka barua ofisi hadi ofisi mpaka akastaafu. Tarishi ndiye aliyempeleka Raba nyumbani kwao. Alimwambia dada yake mbele ya mgeni bila kupepesa, "Huyu mchonga mihuri ana mikono mizuri ila mdomo mchungu. Utamweza?" Dada akasema atamweza. Akamweza kweli, maisha yake yote.

Mwanamke huyo ndiye aliyeipa miti majina. Mkaratusi uliopinda kando ya njia ya maji aliuita Mlevi. Mvinje uliokuwa ukivuma hata kwa upepo usiotikisa jani aliuita Mwanakwaya. Na kule nyuma kabisa, karibu na ukuta, palikuwa na mkuyu ulioota juu ya mti mwingine, ukateremsha mizizi, ukamkumbatia mwenyeji wake mwaka hadi mwaka mpaka akafia mikononi mwake. Huo aliuita Mkwe. "Si unaona?" alisema akicheka mpaka anashika mbavu. "Alikuja kusalimia tu." Tarishi alicheka naye. Raba hakucheka siku ile, alijifanya amekasirika, lakini jina lilibaki. Yalikuwa majina ya watu watatu, ya kutaniana njiani wakirudi nyumbani, na hawakuwahi kumpa mtu mwingine.

Wachezaji wa wakati ule walikuwa watu. Fundi cherehani, muuguzi, dereva wa gari la taka. Waliingia bustanini na macho yao tu. Walijua mti upi huvua gome kiangazi, upi hupukutika kabla ya mvua, upi huwapa siafu njia. Mtu alitembea juma zima na fumbo kichwani, akilitafuna wakati anafunga kifungo, akilitafuna wakati anakoroga uji, na siku aliyolifumbua alilala kama mtoto. Nani siku hizi anaweza kukaa na swali hadi jioni? Swali likimgusa anakimbilia mfukoni.

Mkewe Raba alikufa. Wachezaji wa zamani walikufa pia, au walihamia kwa watoto wao. Halafu simu zikaja.

Kundi jipya lilikuwa na mwenyekiti. Hebu fikiria, mchezo wa kuficha makopo kuwa na mwenyekiti! Alikuwa daktari wa meno, mwanamke kijana, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea na watu waliopanua midomo wasioweza kumjibu. Siku ya kwanza alikwenda kibandani na muhuri aliouagiza kwa mashine.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa wewe ndiye bingwa. Unauonaje huu?"

Mzee Raba aliugeuza. "Naona jino."

"Ndiyo, ni jino!"

"La maiti."

Daktari alicheka, kicheko kizuri kisicho na kinyongo, na hilo ndilo Mzee Raba alishindwa kumsamehe. Alitaka aumie.

Baada ya miezi michache daktari alileta hoja. Mafumbo yanachosha, watu wapya wanakata tamaa, kwa nini kila kisanduku kisiwekwe kwenye ramani ya simu? Mtu anafungua simu, inamwongoza mpaka mtini, anagonga muhuri, anakwenda kisanduku kingine. Walikutana Jumapili kwenye mabenchi ya langoni kulizungumza. Mzee Raba alikuja amenyoa ndevu. Alijua vijana watamkataa, hilo lilimsumbua kidogo. Lililomvunja mgongo ni aliyesimama kuwaunga mkono.

Tarishi alikuwa na jicho moja. La kwanza lilikufa zamani, na la pili lilibaki na mwanga wa kubahatisha. Ili aone kitu alikisogeza mpaka kikagusa pua. Aliishi kwa binti yake Raba, mpwa wake, aliyempa chumba cha uani na kumkatia kucha. Alisimama akiegemea fimbo.

"Mimi nasema simu ziwe," alisema. "Hii aliyonipa mpwa wangu inaongea. Inaniambia kata kushoto, nyoosha, umefika. Jamani, nimekaa miaka sijashika kopo. Nimechoka kuketi nyumbani nasikiliza sufuria."

"We Tarishi," Mzee Raba alisema toka alipokaa, "umekuwa mbuzi wa kuvutwa kamba?"

Watu waliguna.

"Afadhali mimi mbuzi, natembea," Tarishi alijibu. "Wewe fahali umelala zizini unalia ng'ombe wamekwenda wapi."

Benchi zima lilicheka. Hata daktari alifunika mdomo. Tarishi mwenyewe alicheka kuliko wote, akageuza uso huku na huku akimtafuta shemeji yake, akitegemea atupiwe jingine kama walivyozoea tangu ujana. Hakutupiwa. Mzee Raba alikuwa ameinuka.

"Basi tushindane," alisema. "Naficha kopo moja. Fumbo naliweka ubaoni. Mna wiki mbili. Mkilipata kwa hayo mavitu yenu, wekeni ramani, mimi mdomo wangu mtausikia makaburini. Msipolipata, mafumbo yanabaki na simu zinakaa mifukoni mkiingia hapa. Mnaweza?"

"Tunaweza, mzee," daktari alisema. "Ni haki."

"Shemeji," Tarishi alimwita alipokuwa akiondoka, "mbona hivyo? Nilikuwa natania!"

Mzee Raba alivuka barabara bila kugeuka. Kutoka siku hiyo hakukanyaga kwa binti yake, kwa sababu Tarishi alikuwa humo, na binti alipokuja kibandani na chakula alikuta mlango umeegeshwa na sauti ikimwambia aweke kizingitini.

Sasa fumbo. Angeweza kuandika fumbo la haki, gumu lakini la haki, lile ambalo mwenye kuijua miti angelifumbua. Aliogopa. Vijana hawa walikuwa wengi, na wengi wakipekua bustani nzima kama kuku jalalani wanaweza kubahatisha. Kwa hiyo aliandika hivi, kwa mwandiko wake wa kukoleza:

Msalimie Mlevi, ila usimfuate anakoegemea.
Mpe kisogo, utamsikia Mwanakwaya akifanya mazoezi.
Simama anapoimbia, umtafute Mkwe.
Pale alipomshika mwenyeji wake kiunoni, tia mkono.

Aliyeyajua majina hayo kati ya walio hai alikuwa mmoja tu ukimtoa yeye. Mzee Raba alilifikiria hilo na kulifuta kama unavyofuta meza. Mtu asiyeona sahani yake atauona mti? Tarishi alikuwa wa simu sasa. Simu haimjui Mlevi.

Hapo angekoma, angeshinda tu kwa kudanganya, na ingekuwa dhambi ndogo ya mchezo. Lakini alipokuwa akichonga muhuri wa kwenda ndani ya kopo kisu kilianza kumwongoza chenyewe. Alichonga nyani. Nyani aliyeketi, mkono mmoja kichwani na mwingine mgongoni, anajikuna. Miaka mingi hakuwa amechonga kitu namna ile. Vidole vilitoka kimoja kimoja, kucha zilionekana, hata macho ya nyani yalikuwa na ile hali ya mtu anayewashwa asijue akune wapi. Alipogonga kwenye karatasi alicheka peke yake kwa sauti, na kicheko kilipokwisha alijua atafanya nini.

Nyuma ya maghala, kwenye uzio wa reli, uliota upupu. Kila aliyesoma shule anaujua: maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kuyatazama, na unyoya mmoja tu ukikugusa unacheza ngoma isiyo na mpigaji. Walipokuwa wadogo waliutia kwenye kiti cha mwalimu mkali. Mzee Raba alikwenda asubuhi upepo ukiwa haujaamka, mkono ndani ya mfuko wa plastiki, akayakata maganda kwa kisu chake cha kazi. Nyumbani aliyakung'uta ndani ya kopo. Aliupakaza muhuri wa nyani upande wa uso na upande wa mpini, akanyunyiza kwenye kurasa za kijitabu, akafunika. Wakilikosa, ameshinda. Wakilipata, basi na wajikune hadharani na simu zao. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu uleule aliowahi kuufanyia muhuri wa mahakama.

Alilificha kopo katika tundu la mkuyu, akabandika fumbo, akatafuta benchi ambalo toka hapo aliona Mlevi, Mwanakwaya na Mkwe kwa pamoja. Akafungua gazeti.

Zilikuwa siku tamu kwake. Vijana waliingia makundi makundi. Waliliingiza fumbo kwenye simu ziwajibie, simu zikawapa mahubiri juu ya ulevi. Walipiga picha miti ili simu ziwatajie majina, zikawatajia kwa Kilatini. Mmoja alimzunguka mlinzi wa bustani siku nzima kwa kuwa alisikika ananuka pombe. Wengine walikwenda kusimama nje ya kanisa la jirani kusubiri kwaya. Mzee Raba alilitikisa gazeti ili lifiche mabega yaliyokuwa yakicheka.

"Mzee," daktari wa meno alimwambia akipita, jasho likimtoka, "umetuweza. Hata herufi moja hutupi?"

"Soma miti, mwanangu."

"Miti haina maandishi!"

"Basi ndiyo hivyo."

Zilibaki siku tatu mkataba wao uishe, asubuhi ya baridi nyepesi, alipomwona Tarishi akiingia langoni. Alikuja peke yake, fimbo mkono wa kulia, mkono wa kushoto mtupu. Hakuwa na simu. Alikuwa amevaa koti lake la kazi la zamani, lile la vifungo vya shaba, ambalo alilivaa siku za sherehe tu.

Mzee Raba aliteremsha gazeti.

Tarishi alifuata njia ya maji kwa fimbo mpaka alipogonga shina. Aliweka kiganja juu ya gome, akalipapasa, akabandua ganda lililokuwa likining'inia, akalinusa. Kisha akacheka.

"Mlevi wee," alisema kwa sauti, "bado hujafika kwako?"

Moyo wa Mzee Raba uliruka. Kwa kitambo kidogo, na hili ni kweli, ulikuwa mruko wa furaha. Ilikuwa sauti ileile, mzaha uleule wa njiani jioni, na alikaribia kujibu. Halafu akakumbuka kilicho ndani ya kopo.

Hatafika, alijiambia. Haoni.

Tarishi aliugeuzia mti kisogo, akasimama. Upepo ulikuwa umelala. Alisubiri, kichwa kimeinama, mdomo wazi kidogo, mtu mzima mwenye subira ya watu wa zamani. Upepo ulipopita juu ya nyasi, mvinje ulianza kuvuma, naye akaenda moja kwa moja kwenye sauti, akijikwaa kwenye mizizi na kuiomba samahani. Toka pale alitandaza mikono mbele akaelekea ukutani.

Hata sasa palikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha: acha. Mzee Raba alikuwa ameshaufungua mdomo. Lakini daktari wa meno na wenzake wawili walitokea njia ya nyuma ya benchi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema.

Akipiga kelele watauliza kwa nini. Akikimbia watamfuata. Watalifungua kopo na kuona, na yule mwanamke mpole atamtazama kwa macho ya huruma, na Jumapili kwenye mabenchi itajulikana kwamba Mzee Raba, bingwa, aliwatilia watu upupu kama mtoto wa darasa la nne. Zaidi ya hapo, kulikuwa na sauti ndogo ndani yake, nayo haikuwa ya woga. Ilisema: yeye si ndiye aliyewachekesha? Acha ajikune kidogo.

Alilikunja gazeti taratibu.

Tarishi aliukumbatia mkuyu. Aliyapapasa mafundo ya mizizi yaliyomzunguka mfu wa ndani, akashuka nayo mpaka kiunoni, akapata tundu, akatia mkono. Alipoutoa alikuwa na kopo. Aliliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Shemeji!" aliita. "Najua uko hapa, huwezi kukosa! Nimelipata, shemeji! Nimelipata bila kamba!"

Daktari na wenzake waligeuka, wakaanza kwenda upande ule wakipiga makofi. Mzee Raba hakusogea wala hakusema kitu. Alimwona Tarishi akibana kopo kwapani, akikifungua kifuniko, akiutoa muhuri. Alimwona akiusogeza polepole usoni, kama alivyosogeza kila kitu, mpaka karibu na pua, chini ya lile jicho moja.

Alikaa hivyo kitambo, akiutazama. Aliona vizuri. Kisha akaguta.

Daktari ndiye aliyemfikia kwanza. Alimshika mikono akimlilia asisugue, lakini mikono yenyewe ilikuwa imejaa upupu na alikuwa ameshasugua, ameshasugua sana. Walimmwagia maji ya chupa. Aliruka na kujipiga na kuita jina la dada yake marehemu. Mzee Raba alifika mwisho. Katika vurugu ile, kabla mtu hajalikumbuka kopo, aliliokota kwa leso pamoja na muhuri wake na kijitabu, akalidumbukiza ndani ya pipa la taka la bustani.

"Ni watoto wa shule hawa," mmoja wa vijana alisema. "Wamelikuta wakatia upupu."

"Watoto wa siku hizi," Mzee Raba alisema, "hawana adabu."

Hospitali walimweka juma zima. Walifanya waliloweza, nalo lilikuwa dogo. Jicho lilikuwa bovu tangu mwanzo, na alivyolisugua aliligeuza kidonda. Binti alikuja kibandani, hakugonga, alilisukuma pazia akasimama mbele ya kitanda.

"Baba, jicho la mjomba limekwenda."

"Mungu atampa nguvu."

"Anakuulizia. Kila anayeingia anauliza, ni shemeji?"

"Nitakuja."

"Lini?"

"Nimesema nitakuja, mama. Usinisimamie kichwani."

Jumapili ya kumaliza mkataba walikutana tena langoni. Daktari wa meno alisimama, macho mekundu. Alisema simu zao zilishindwa kabisa. Aliyelipata kopo, alisema, alilipata kwa fumbo, kwa mikono na masikio, naye hana macho. Na hilo limewafundisha wote kwamba Mzee Raba alikuwa na haki tangu mwanzo. Kwa heshima ya Tarishi mafumbo yatabaki. Watu walipiga makofi, mmoja alifuta machozi.

Mtu mwingine angeanguka pale chini. Mzee Raba alisimama, akarekebisha kola, akasema maneno machache kuhusu uvumilivu, kuhusu zamani na adabu yake. Yalikuwa maneno mazuri na aliyasema vizuri. Aliposhuka daktari alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Alikwenda kwa binti siku ya tano baada ya Tarishi kurudishwa nyumbani. Hakwenda kwa sababu ya kuitwa. Alikwenda kwa sababu lilikuwapo jambo moja lililokuwa likimwamsha kila alfajiri, na alitaka kulijua.

Chumba cha uani kilikuwa kimefagiliwa. Tarishi aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa cheupe usoni, mikono juu ya magoti imejaa makovu ya kujikuna. Binti alimwekea baba yake kigoda, akatoka kwenda kuinjika chai, akaacha mlango wazi.

"Shemeji," Tarishi alisema, kabla mgeni hajakohoa.

"Mimi hapa. Pole sana, bwana."

"Nimeshapoa. Hongera. Nasikia umeshinda."

"Tumeshinda."

"Ah, wewe." Tarishi alitikisa kichwa. "Wanasema watoto wa shule."

"Ndivyo wanavyosema."

"Ule muhuri niliuona, unajua? Nilikuwa nao hapa puani kabla moto haujaingia. Nyani. Vidole vyake mpaka kucha. Mtoto gani wa shule anachonga kucha? Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona duniani, shemeji. Kazi safi. Sijakuona ukifanya kazi safi vile tangu dada afe."

Mzee Raba alitazama mlango.

"Siyo la nyani lililoniuma," Tarishi aliendelea, taratibu, kama mtu anayeeleza njia. "Ningecheka. Tungewashwa wote tukacheka. Mpwa wangu alinisomea lile fumbo la ubaoni akauliza, mjomba, hawa Mlevi na Mwanakwaya ni akina nani? Sikumwambia. Nilimwomba anitolee koti langu. Nani mwingine anawajua wale, ndugu yangu? Nilisema, huyu mtu mdomo wake mchungu siku zote, hawezi kuomba radhi, kaona aniombe kwa fumbo. Nilidhani umeniandikia mimi."

Uani maji yalianza kuchemka. Palikuwa na neno la kusema pale, na kila mtu analijua, hata mlevi njiani angelisema. Mzee Raba alisogeza kigoda karibu, akashusha sauti.

"Umemwambia nani?"

Tarishi alijilaza taratibu, akainua miguu kitandani, akauelekeza uso ukutani.

"Mwanangu!" aliita. "Msindikize mgeni."

Binti alitokea mlangoni na vikombe mkononi, akitabasamu. "Mgeni gani tena, mjomba? Si baba huyu?"

Alimtazama mjomba wake, mgongo tu. Akamtazama baba yake, akingoja acheke, akingoja aseme huyu mzee bado ana utani. Baba yake alikuwa ameinama anatafuta kofia iliyokuwa mkononi mwake. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo. Aliviweka vikombe chini, akausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta, akasimama pembeni ili asije akaguswa na mtu anayepita.